Kipima mtetemo kimoja hakitoshi Kusini

Mhariri,

Agosti 12, 2020, saa mbili usiku na dakika chache, maji ya ndoo yalicheza kibarazani kwangu hapa Lindi na bati likalia. Majirani walitoka nje na watoto mgongoni. Mmoja akasema ni mtambo wa gesi wa Madimba, mwingine akahofia bahari. Hofu ile ilitukalia mpaka tuliposikia ni tetemeko la ukubwa wa karibu 6, chini ya bahari upande wa Mafia na Dar es Salaam. Madimba iko kusini yetu, Mafia kaskazini. Tulichohitaji kujua mapema ni mwelekeo tu.

Kipima kimoja peke yake hudanganyika. Jirani yangu akitwanga, maji kwenye beseni langu hufanya viduara. Kipima kilichowekwa pale kingepiga kelele kwa kila pigo la mchi. Vikitawanywa vipima tisa katika kilomita chache, mawimbi ya tetemeko huvifikia kwa kupishana sehemu ya sekunde. Kompyuta huipanga michoro ya mtetemo ya vipima hivyo ilingane, kisha huijumlisha. Upepo wa minazini na malori ya korosho havilingani kati ya kipima na kipima, hivyo hufifia, na mtetemo halisi huonekana kwa uwazi hadi mara tatu zaidi. Kule kupishana ndiko kunakoonyesha umetoka upande gani. Kompyuta hulinganisha nguvu ya mtetemo wa sekunde hizi na ya dakika iliyopita, na ikipanda ghafla hutoa taarifa, hata sote tukiwa tumelala. Norwei wanavyo vipima vya namna hii tangu miaka ya 1970.

Visiwekwe ufukweni, bahari haitulii. Naomba vipelekwe Masasi, kwenye miamba migumu.

Havitabiri tetemeko, hilo lisemwe wazi. Wala mashine isiachiwe kila kitu: Novemba 2018 mtetemo wa polepole ulitoka karibu na Mayotte, kisiwa kilicho chini ya Ufaransa jirani na Komoro, ukazunguka dunia, na aliyeustukia ni mtu aliyekuwa akitazama michoro. Mwaka uliofuata Wafaransa wakakuta volkano mpya chini ya bahari huko huko. Vijana wetu wa Mtwara na Lindi wafundishwe kuisoma michoro hiyo.

Nawaomba wahusika waanze na kazi ndogo: wapime kelele za ardhi ya Masasi usiku na mchana kwa wiki chache, kabla ya kununua chochote.

Msomaji wako,
Lindi Mjini