Mheshimiwa RC Kigoma, kiwanda cha mawese tunakitaka ila michikichi isiende msituni

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, shikamoo.

Nakuandikia hadharani maana hii ishu ya kiwanda cha mawese na kupanda michikichi mipya inaongelewa kila kijiwe na kila mtu anavutia kwake, wa uhifadhi wanasema viwanda vitamaliza msitu, wa biashara wanasema sokwe wa Gombe hawalishi watu. Mimi naona vyote vinawezekana, shida ni michikichi mipya inapandwa wapi.

Tangu Majaliwa, Waziri Mkuu wa wakati huo, alipoanza kulisukuma zao hili 2018, miche ya michikichi ya aina ya tenera inatoka pale kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga. Michikichi yetu ya zamani mingi ni aina ya dura, ganda nene nyama kiduchu, tenera ganda jembamba mafuta mengi. Yaani shamba lile lile la babu ukitoa mizee ukaweka tenera mafuta yanaongezeka na hujakata mti hata mmoja porini. Mwekezaji akija aanzie hapo, aingie mkataba na sisi wenye mashamba.

Maana Hifadhi ya Taifa ya Gombe yenyewe, nchi kavu ni kilomita za mraba 35 hivi tu, mbele ziwa, nyuma vijiji na mashamba. Sokwe wakikosa ushoroba wa kutoka na kukutana na wenzao watabaki kuzaana wenyewe kwa wenyewe mpaka kizazi kidhoofike, na ushoroba wenyewe ni misitu ya vijiji. Kuna vijiji vilikaa vikao, vikatenga msitu kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi, watu wakaacha kulima huko na ardhi wanaihitaji kweli. Leo eneo hilo hilo apewe mtu wa kiwanda, wale wazee tutawaangalia usoni vipi?

Halafu kuni. Chikichi lazima zichemshwe kabla ya kukamuliwa, na kuni ni msitu huo huo, wakati makapi na maganda ya mise (kokwa za chikichi) yanawaka vizuri kabisa, wekeni kwenye masharti ya kibali kwamba boila ichome hayo. Maji machafu nayo yasielekezwe mtoni, vijito vyetu vinashuka mlimani moja kwa moja mpaka Tanganyika kwenye dagaa na migebuka, na Sheria ya Mazingira ya 2004 imeshakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka mto au ziwa.

Ombi langu mheshimiwa, kabla ya eneo lolote kutolewa, ramani ibandikwe ofisi ya kijiji, na tathmini ya mazingira isomwe kwa Kiswahili kwenye mkutano mkuu watu waulize maswali. Mvua zikianza ndio watu wanapanda, tunaomba tujibiwe kabla ya hapo.

Mkulima wa michikichi, Kigoma Vijijini