Kwa Rehema, kuhusu ini la mwanao

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu Rehema,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Umeniuliza neno moja tu, "Ataishi?" Jibu lake si la neno moja.

Kwanza, mmewahi. Ugonjwa huu wa njia za nyongo kuziba tangu uchanga (biliary atresia) hautaki kungoja: mwanao amepasuliwa akiwa na siku 52, na madaktari hutaka ifanyike kabla ya siku 60, maana nyongo ikikosa njia hulitia ini makovu upesi. Latifa wangu alifika siku ya 81. Tuliambiwa ni manjano ya kawaida, tumwanike jua la asubuhi. Nikamwanika wiki sita, na kila nepi niliyofungua ina choo cheupe kama udongo wa mfinyanzi, kumbe nyongo haifiki tumboni. Mpaka leo linaniuma.

Upasuaji huu aliuanzisha Morio Kasai huko Japani, miaka ya 1950. Utumbo huungwa na ini lenyewe ili nyongo ipate pa kupita. Hauponyi, shoga, unampa mtoto muda. Lakini kwa wengine muda huo ni mrefu mno. Japani wapo watu wazima wanaoishi na ini walilozaliwa nalo. Wengi hatimaye huhitaji jingine, na mara nyingi mzazi hutoa kipande cha lake, likakua tena. Mtoto wa kwanza kupandikizwa ini India akapona, mwaka 1998, alikuwa na ugonjwa huu huu. Baba yake ndiye aliyempa. Mtoto huyo leo ni daktari.

Sasa shika hili: homa. Njia mpya ya nyongo huingiwa na vijidudu, hasa miaka ya mwanzo. Akichemka, usimpe dawa ya homa ukangoja kuche. Sisi mfuko ulikuwa umetundikwa nyuma ya mlango: kadi ya kliniki, nepi, kanga, nauli. Mwaka wa kwanza tuliubeba mara nne, mara mbili usiku wa manane. Na zile vitamini za matone usiziache hata akionekana mzima; mafuta ya chakula hayamwingii vizuri, na vitamini hupotea nayo.

Latifa ana miaka 9, yuko darasa la tatu. Wengu wake ni mkubwa, kwa hiyo michezo ya kusukumana hachezi, jambo linalomliza. Ini bado ni lake.

Kesho ukibadilisha nepi, itazame penye mwanga, uniambie choo kina rangi gani.

Wako,
Mama Latifa