Usibishane na mawazo ya kaka

Birmingham, Jumapili

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Kaka hatoki chumbani, chakula anakionja tu, usiku halali, na ukimsemesha anasema yeye si mtu wa maana tena. Wiki ya sita sasa. Huo si uvivu, na kumwambia ajikaze kunamwongezea mzigo. Dalili hizo ni za sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, na tiba yake sehemu fulani mnaweza kuianza hapo hapo Tanga kwa daftari na kalamu.

Ila kabla ya daftari, mpeleke hospitali ya Bombo apimwe. Upungufu wa damu, au tezi ya shingo iliyolegea kazi, humfanya mtu awe vivyo hivyo. Kisha mkiwa wawili tu, muulize waziwazi: "Kaka, umewahi kufikiria kujiua?" Usiogope, swali hilo halimpandikizii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake hata kidogo. Ondoeni sumu ya panya na vidonge vya mama, mrudisheni hospitali siku hiyo hiyo. Daftari litasubiri.

Njia ninayokueleza ilianzishwa na daktari Aaron Beck huko Philadelphia, Marekani, miaka ya 1960. Aligundua kuwa wagonjwa wake wa sonona hujisema kimoyomoyo kutwa nzima: mimi sifai, watu na dunia wamenigeuka, na mbele ni giza. Mawazo hayo hupita upesi mno, mwenyewe huyachukua kuwa ni kweli tupu. Tiba ni kumfundisha alikamate wazo, alipime kwa ushahidi.

Lakini aliyezama hana nguvu ya kupima chochote, kwa hiyo anzeni na mwili. Wiki ya kwanza msibadilishe kitu. Kila baada ya saa mbili aandike alichofanya, hata kama ni "nimelala", na akipe namba mbili kutoka 0 hadi 10: ya raha, na ya kujiona ameweza. Wiki ya pili chagueni jambo moja au mawili na kuyapangia saa. "Afanye mazoezi" haitoshi. Andikeni: saa kumi na moja jioni, atembee hadi dukani na kurudi, dakika 10. Akishindwa, jambo lilikuwa kubwa, likateni nusu. Akioga na kukaa barazani dakika tano, hiyo ni kazi kamili. Kosa ninaloliogopa kuliko yote ni kusubiri hamu irudi ndipo aanze. Kwenye sonona hamu huja nyuma ya kitendo, na mara nyingi huchelewa siku kadhaa.

Namba zikianza kupanda, hata kwa moja tu, ndipo mgeukie mawazo. Agawe ukurasa: kilichotokea, alivyojisikia kwa asilimia, wazo lililopita, ushahidi wa kuliunga mkono, ushahidi wa kulipinga, wazo la haki zaidi, kisha asilimia mpya. Tuseme rafiki kapita bila kumsalimia. Huzuni 80. Wazo: "Ananidharau kwa sababu sina kazi." La kuunga mkono: hakusalimia. La kupinga: alikuwa anaongea na simu, na juzi aliulizia hali yake. Huzuni ikishuka hadi 55, mmefanya vizuri sana. Msitafute sifuri.

Hapo ndipo ndugu wengi huharibu. Kaka akisema hafai, utatamani kumwambia "Si kweli, wewe mtu hodari!" Atakubishia, na kila anapobisha wazo linazidi kukita mizizi. Wewe uliza tu: umejuaje? Ingekuwa ni rafiki yako, ungemwambia nini? Jibu litoke kinywani mwake. Angalia pia asiandike "nina huzuni" mahali pa wazo, kwani hisia haipimwi kwa ushahidi. Na aandike palepale, usiku atakuwa amesahau.

Yako mawazo ya kweli vilevile. Kazi ya bandarini imekwisha kweli, deni lipo kweli. Hayo msiyapime, chagueni tatizo moja, mtafute hatua moja ya wiki hii. Huko Harare, Zimbabwe, kina bibi waliofunzwa kwenye vituo vya afya huwasaidia watu namna hiyo, wakiwa wamekaa nao kwenye benchi nje. Wao ugonjwa huu huuita kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Jina hilo mama atalielewa upesi kuliko sonona.

Tiba kamili kwa mtaalamu huchukua kama vikao 12 hadi 20, kimoja kwa wiki. Kwa hiyo ukifika Bombo uliza kitengo cha afya ya akili, na daktari akiona anahitaji dawa, anywe. Daftari na dawa havigombani. Mweleze pia daktari kama kaka amewahi kuwa na siku za kuchangamka kupita kiasi, halali na hachoki, maana hilo hubadilisha dawa atakayopewa.

Jumapili ijayo nipigie picha ya ukurasa wa wiki ya kwanza, akikubali mwenyewe. Hata ukiwa umejaa sifuri, utume.

Dada yako