Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mbunge aliyekuwa mwendesha mashtaka wetu

Lubumbashi, Julai 2025

Mheshimiwa Mbunge,

Nakusalimu kwa heshima inayostahili cheo chako. Ninakuandikia hadharani kwa sababu barua nilizoleta kwa mkono katika ofisi yako ya hapa mjini hazikujibiwa, na kwa sababu juma lililopita yalifuatana mambo mawili yaliyomaliza subira ya nyumba yetu. Siku ya Ijumaa, karani wa ofisi ile ya waendesha mashtaka uliyofanyia kazi alimwambia mke wa mdogo wangu kwamba dosie, yaani faili la kesi, ya mume wake haimo katika orodha ya dosie ulizokabidhi ulipoondoka. Jumapili yake, mbele ya watu waliojaa ukumbi, ulisema kwamba miaka yako ya uendesha mashtaka ndiyo ushahidi wa jinsi unavyowatetea wanyonge wa mji huu. Nilikuwamo ukumbini. Maswali hayakuruhusiwa, kwa hiyo nauliza hapa: dosie ya mdogo wangu iko wapi?

Pengine umeisahau kesi yenyewe, maana mikononi mwako zilipita nyingi. Mdogo wangu alikuwa dereva wa lori la kubeba shaba kutoka Kolwezi kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Usiku mmoja wa mwaka 2023 lori lake lilizuiwa njiani, upande wa Likasi, sehemu ya mzigo ikaibwa, na kulipokucha akaenda yeye mwenyewe polisi kutoa taarifa. Tangu asubuhi hiyo hajalala nyumbani kwake. Aliletwa Lubumbashi, akafikishwa mbele yako, ukamsikiliza kwa muda mfupi, ukatia sahihi hati ya kumkamata kwa muda.

Sheria unaijua kuliko mimi, lakini shida imenilazimisha kuisoma. Kifungu cha 17 cha Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 kinasema kwamba uhuru wa mtu ndiyo kanuni, na kumfunga kabla ya hukumu ni jambo la pekee. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai ya tarehe 6 Agosti 1959 inaipa hati kama ile uliyoitia sahihi siku tano tu ikiwa jaji yumo katika mji huohuo. Jaji akikubali mtu aendelee kushikiliwa, ni siku 15, na baada ya hapo mwezi mmoja mmoja, kila mara kwa uamuzi mpya. Mdogo wangu alimwona jaji mara moja. Baada ya hapo hatujaonyeshwa uamuzi mwingine wowote, wala wa kumbakiza wala wa kumwachilia, na hakuna mahakama iliyopangiwa kesi yake. Sisemi kwamba hana kosa. Hilo ni la jaji kuamua, na jaji hawezi kuamua juu ya dosie ambayo hajaletewa.

Tumejaribu kuelewa sababu. Wengine nyumbani wanaamini kwamba mwenye mzigo alikuwa na nguvu, na kwamba aliridhika mara tu alipoona kuna mtu aliyefungwa. Mimi naelekea kudhani kwamba ulipoanza kujitayarisha kwa uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023, dosie zilizokuwa juu ya meza yako zilibaki hapohapo, na waliokuja nyuma yako wanaogopa kufungua kazi ya mtu ambaye sasa ni mkubwa. Lakini kuondoka kwako hakukuwa kwa ghafla: sheria ya uchaguzi inamtaka hakimu, na mwendesha mashtaka huhesabiwa humo, awe ameachiliwa kazini kabla ya kuwasilisha ugombea wake, kwa hiyo siku ya kukabidhi ulikuwa unaijua mapema.

Katika kampeni ulikuja kwetu Katuba. Ulizungumza juu ya Kasapa, gereza la hapa Lubumbashi, juu ya machafuko ya Septemba 2020 na wafungwa wanawake waliobakwa mle ndani, ukaeleza vizuri sana kwamba gereza hujaa kwa sababu watu wanawekwa humo bila kuhukumiwa. Ulisema kwamba mtu aliyeiona kazi hiyo kutoka ndani ndiye anayeweza kuirekebisha. Mheshimiwa, tulikuamini. Mama yangu, ambaye mwanawe alikuwa ameshikiliwa kwa sahihi yako, alikupigia kura, akisema kwamba ukipata mamlaka utamkumbuka.

Mama hatoki tena kitandani. Watoto wa mdogo wangu nimewachukua mimi, na mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi unajulikana na kila mtu katika nchi hii, hata siku unapolipwa kwa wakati. Cherehani ya mke wake iliuzwa ili tumlipe wakili, na wakili naye amechoka kuandika barua zisizopata jibu. Mwanamke huyo anaamka alfajiri kupika bukari, yaani ugali, na maharage ya kumpelekea mumewe, kwa sababu mfungwa ambaye jamaa zake hawamletei chakula anakaa na njaa, kisha anarudi na nguo za kufua na swali lilelile ambalo hatuna jibu lake. Mtoto mkubwa ameanza kuwaambia wenzake kwamba baba yake alikufa barabarani. Nilipomkanya alinijibu kwamba hivyo ni rahisi zaidi kueleza.

Siku za uongozi humrudisha mtu kwenye kazi aliyoifanya kabla yake, na hayo hayakuanza kwetu. Kule Marekani, Kamala Harris alikuwa mwendesha mashtaka wa San Francisco, kisha mwanasheria mkuu wa California, kabla ya kuwa seneta mwaka 2017. Alipotafuta urais mara ya kwanza, katika mdahalo wa Julai 2019, aliulizwa mbele ya taifa zima juu ya watu waliofungwa na kesi zilizopita mikononi mwake, ingawa alikuwa ameiacha kazi hiyo. Nawe ulisimama ukumbini ukaitaja kazi yako kuwa sababu ya kuaminiwa. Basi na mdogo wangu ni sehemu ya kazi hiyo.

Najua utakachojibu, kwa kuwa msaidizi wako alikwisha kutujibu hivyo mlangoni: mbunge hawezi kuingilia mahakama. Ni kweli, kifungu cha 151 cha Katiba yetu kinakukataza kuamua kesi au kugeuza hukumu, na mimi sikuombi hayo. Lakini tangu marekebisho ya Katiba ya Januari 2011 waendesha mashtaka hawatajwi tena pamoja na mahakama katika kifungu cha 149, na sheria ya tarehe 11 Aprili 2013 inawaweka chini ya mamlaka ya Waziri wa Sheria. Waziri huyo unaweza kumuuliza swali, kwa mdomo au kwa maandishi, kama kifungu cha 138 kinavyokuruhusu. Ungeweza kuuliza juu ya wote walio katika hali ya mdogo wangu, na ningependa sana ufanye hivyo, kwa sababu kwenye foleni ya chakula tunaonana na mama wengi wenye habari kama yetu.

Hata hivyo, kama hilo ni kubwa mno, naomba dogo. Andika barua moja kwa mkuu wa ofisi uliyoiacha, umweleze kwamba dosie hiyo uliifungua wewe, ulimkabidhi nani au uliiweka wapi, ili ipelekwe mbele ya jaji. Bunge linafunguliwa tena tarehe 15 Septemba. Hadi hapo uko likizoni, hapa Lubumbashi, karibu na ofisi hiyo. Mke wa mdogo wangu yuko tayari kuibeba barua hiyo mwenyewe, siku yoyote utakayomwita. Jina la mdogo wangu na tarehe ya hati viko katika barua tulizokuachia.

Tafadhali, Mheshimiwa, tuambie dosie iko wapi.

Wako katika heshima,
Mwalimu wa shule ya msingi, Katuba