Shule ndogo za kimataifa ziwe wazi kwa wazazi

Mhariri,

Hapa Kisumu, ukitaja shule ya kimataifa wengi hufikiria basi la kupendeza na karo ya kutisha. Sisi kilichotuvutia ni uchache wa watoto darasani. Mwalimu wa binti yetu aligundua kwamba mtoto anafinya macho kila anaposoma ubaoni. Jioni moja alituita kando pale langoni, akatusihi tumpeleke kwa daktari wa macho. Sasa ana miwani na vitabu havimtoki mkononi. Katika darasa lililofurika jambo hilo lingepita hivi hivi, na wala simlaumu mwalimu mwenye watoto wengi kupita kiasi.

Hata hivyo, wasimamizi wa shule hizi watufungulie mambo yote mapema. Mtihani wa IGCSE, ule wa sekondari wa mfumo wa Uingereza, hulipiwa kwa kila somo, tena mbali na karo. Cheti chake si KCSE, cheti cha kitaifa cha sekondari. Anayetaka kuendelea na masomo humu nchini huweza kulazimika kuomba kilinganishwe na cheti cha hapa. Na mzazi akipungukiwa katikati ya safari, mtoto atarudije kwenye mtaala wa kitaifa wa umilisi (CBE, zamani CBC)? Haya yaandikwe kwenye karatasi ya karo tangu siku ya kwanza, wala tusiambiwe mtihani ukibisha hodi.

Kiswahili nacho kipewe vipindi vya kutosha. Kifaransa ni kizuri, lakini watoto hawa wataishi na kufanya kazi na Wakenya wenzao.

Mzazi,
Milimani, Kisumu