Kabla nyundo haijagusa ukuta wa Bi Mkubwa

Ngamiani, Tanga
3 Machi

Shoga yangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Nimeona mambo yenyewe hayajibiki kwa sauti huku mtoto analia na sufuria iko jikoni, ndiyo maana nakuandikia. Sisi hatujambo, ila joto tu limegoma kuondoka.

Unauliza nyumba ya Bi Mkubwa ya Pangani umpe yule fundi wa jirani aikarabati, au utafute mkandarasi mwenye leseni akutoze bei ya kampuni. Na unataka jibu kabla hujamtumia binamu yako hela. Haya, hela usitume kwanza. Nikusimulie yaliyonikuta, maana wakati ule nilikuficha kwa aibu.

Nyumba yetu unaijua: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, jiko uani. Mwaka juzi nikataka vyumba viwili vya mbele viwe sebule moja. Shemeji akaniletea fundi. Mpole, bei nafuu, swala tano hazimpiti, nikaona nitafute nini tena? Hatukuandikiana hata mstari mmoja. Akaomba hela ya mifuko 20 ya saruji. Mwisho wa wiki nikahesabu mifuko mitupu, 14. Hilo ningelimeza. Siku ya nne akaanza kuupiga nyundo ukuta wa kati, na ilipofika alasiri tundu lilikuwa la kupitisha kitanda. Usiku tukasikia dari inalia, ka, ka, kama mtu anavunja kuni. Kulipokucha ufa ulikuwa umeanzia kona ya mlango ukapanda ngazi ngazi mpaka juu, kidole cha shahada kinaingia. Kumbe kenchi za paa zilikuwa zimeukalia ukuta ule ule. Fundi akautazama, akasema, "Itakaa hiyo, dada," kisha akaaga anakwenda kunywa chai. Chai hiyo anainywa mpaka leo.

Ningemshitaki kwa karatasi gani? Namba yake ya simu ilikuwa haipatikani, na shemeji naye akaanza kunikwepa.

Ndipo nikatafuta kampuni iliyosajiliwa. Makandarasi wanasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Wa majengo wamepangwa madaraja 7, la kwanza ndilo la wakubwa, na kila daraja lina kikomo cha thamani ya kazi moja. Usitishwe na jina, daraja la saba kwa nyumba zetu hizi linatosha na kubaki. Jina la kampuni unalitafuta mwenyewe kwenye orodha ya Bodi mtandaoni. Angalia usajili kama uko hai, kwa sababu ada yake ni ya kila mwaka, na cheti kilichoning'inizwa ukutani ofisini hakikwambii kama mwaka huu wamelipa.

Ila shoga, cheti kisikulevye. Wapo wanaokodisha. Kampuni ina cheti safi, kazi inafanywa na mtu mwingine kabisa aliyelipia jina, na mambo yakiharibika kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole. Mimi niliuliza mapema kabisa: nani atakuwa saiti kila siku, na je, ni mtu wenu? Jina lake nikataka liandikwe kwenye mkataba. Mkurugenzi akacheka kidogo, lakini akaliandika.

Huyo mtu wao alikuwa mzee mmoja mfupi, kofia ya kiua, kalamu nyuma ya sikio. Fundi wa kwanza alianza na nyundo. Huyu aliomba ngazi. Akapanda darini na tochi, akakaa huko mpaka nikadhani amelala. Aliposhuka alikuwa na utando wa buibui kwenye ndevu, na karatasi aliyochora kenchi zote na ukuta upi umebeba nini. Akaweka mirunda kwanza kushikilia paa. Ndipo akafungua kile kilichobaki na kusuka linta, ile boriti ya zege ya kubeba mzigo juu ya uwazi: nondo 4 za milimita 12, ringi za milimita 8. Zege akalipima kwa ndoo, moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto, na kijana aliyetaka kukadiria kwa koleo alirudishwa. Mchanga nao aliuonja! Alichukua chembe akaweka ulimini, akatema, akasema huu haujatoka ufukweni. Mchanga wa baharini una chumvi, na chumvi inaila nondo kimya kimya. Zege liliposhika wakalifunika magunia, yakawa yanamwagiwa maji asubuhi na jioni siku 7. Mirunda niliomba itolewe mapema kwa sababu nilikuwa na wageni. Akakataa kata kata, na wageni wakala ukumbini.

Bei yao ilikuwa karibu mara mbili ya fundi yule. Sikufichi, iliniuma. Lakini humo mlikuwa na mchanganuo wa kila kitu, vifaa mbali na ufundi mbali, nikajua ninalipia nini. Tulikubaliana malipo kwa hatua: kidogo cha kuanzia, kingine linta ikikamilika, kingine baada ya lipu na sakafu, na asilimia 10 ikabaki mkononi mwangu miezi 6 baada ya kukabidhiwa. Mwezi wa tatu lipu pembeni ya dirisha ikawa inalia debe tupu ukiigonga. Nikapiga simu, kesho yake wakaja kuibandua na kuipiga upya bila kuniomba hata nauli. Sidhani ni upendo. Kulikuwa na hela yao kwangu, na jina lao kwa Bodi.

Sasa Pangani, na hapa ndipo unaponitia wasiwasi. Nyumba ya Bi Mkubwa si ya tofali. Kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, na vyumba vya nyuma vina boriti za mikoko. Vile vyumba vyembamba unavyovilalamikia vina sababu yake, upana wa chumba ni urefu wa boriti. Ukivunja ukuta wa kati ili upate sebule pana kama za Dodoma, boriti zitalala juu ya nini? Tena umesema fundi jirani ameahidi kuzipiga kuta zote lipu ya saruji "ziwe za kisasa". Asithubutu. Ukuta wa chokaa unapumua, unyevu wa ardhini unapanda na kutoka wenyewe. Ukiuvika saruji, unyevu unakosa njia, lipu inafura halafu inabanduka na nyama ya ukuta. Kwa hiyo hata huyo mwenye leseni muulize kama ameshawahi kufanya kazi ya chokaa, na akwambie ni nyumba gani ukaione. Leseni haisemi hilo. Akikujibu chokaa ni mambo ya kizamani, mshukuru utafute mwingine.

Kibali cha halmashauri nacho kinahitajika hata kwa kubadilisha nyumba iliyokwisha kusimama, si kujenga mpya tu. Andikeni kwenye mkataba nani anakishughulikia. Umeme umtafute mwenye leseni ya EWURA, ile mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na usikubali "huyu kijana wetu anajua pia umeme".

Na binamu yako, tafadhali, mpe kazi ya kupiga picha. Hela ipite kwenye akaunti ya kampuni, kwa risiti, baada ya wewe kuona hatua imekamilika. Najua itakuwa maneno kwenye ukoo. Mwambie mimi ndiye niliyekushauri, mimi nimeshazoea kusemwa.

Masika ndiyo hiyo inakuja, usiruhusu mtu afungue paa sasa. Tumia miezi hii kupata bei za kampuni mbili tatu, kazi ianze Juni. Jumamosi ijayo nitapanda basi nishuke mpaka Pangani na yule mzee wa kofia, amekubali kuja kuiangalia nyumba kwa nauli na chakula cha mchana. Mwambie mwenye funguo awepo saa nne, na ngazi iwepo. Ile ya kwenu ina vipawa viwili vilivyooza, waazime kwa jirani.

Wasalimie watoto. Yule mkubwa mwambie kitabu chake ninacho, sijakiuza.

Shoga yako wa Ngamiani