Jina la mwanetu liandikwe zima

Mdogo wangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku Birmingham hatujambo. Habari ya mtoto imetufurahisha mno. Shemeji yako alipiga vigelegele usiku ule ule. Mpe mzazi pole na hongera zetu.

Umeniuliza kuhusu jina la Abdulrahman, maana ukweni wanaona refu. Mimi nalipokea kwa mikono miwili. Ni mja wa Mwingi wa Rehema, na katika hadithi iliyomo kwenye Sahihi Muslim, Mtume (s.a.w.) amesema majina yanayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni Abdullah na Abdulrahman.

Waarabu walikuwa na majina ya namna hii hata kabla ya Uislamu, ila kila kabila na waliyemwabudu. Kulikuwa na Abdu Shams, mja wa jua, na Abdul-Uzza, mja wa Uzza, mmoja wa miungu yao. Hilo la pili ndilo jina hasa la Abu Lahab, ami yake Mtume. Hata sahaba Abdulrahman bin Auf hakuzaliwa nalo, alipewa na Mtume baada ya kusilimu.

Kinachonigusa zaidi ni kisa cha Hudaibiya, mkataba wa amani kati ya Waislamu na Makuraishi wa Makka, mwaka wa 6 Hijria (628 Miladia). Mkataba ulipoanza kuandikwa kwa Bismillahir Rahmanir Rahim, Suhail bin Amr, mjumbe wa Makuraishi, alikatiza papo hapo: huyo Rahman sisi hatumjui, andikeni Bismika Allahumma, yaani kwa jina lako ewe Mola. Waislamu waligoma, lakini Mtume akakubali, jina la Rahman likaachwa. Basi haikutimia miaka 130, mtu aitwaye Abdulrahman akawa amiri wa Cordoba, huko Hispania, mwaka 756 Miladia. Kila nikikumbuka hilo mwili unanisisimka, na ndiyo maana nataka mwanetu alibebe.

Nakuomba kitu kimoja tu: lisikatwe. Kwenye cheti cha kuzaliwa liwe neno moja, bila nafasi katikati. Rafiki yangu mmoja, Mpemba, huku kadi yake ya hospitali inasema jina Abdul, ukoo Rahman. Tulikuwa wote tumekaa kwenye benchi, muuguzi anaita "Mister Rahman!" na mwenzangu katulia tuli, mpaka nikamgusa bega. Abdul peke yake ni "mja wa", wa nani haijulikani. Na Ar-Rahman ni jina la Mwenyezi Mungu, haitwi binadamu. Vijana wa mtaani wakimwita Dula sina neno, nyinyi nyumbani mtamkeni kamili.

Pesa ya mbuzi wawili wa akika nimeshaituma kwa simu ya Mama. Jitahidini iwe siku ya saba, na nyama ifike kwa majirani wote, hata wale wa ng'ambo ya barabara. Kabla hujapeleka fomu ya cheti, ipige picha unitumie, niisome herufi kwa herufi.

Baba na Mama wape shikamoo zangu.

Kaka yako